Gego la Mwenyekiti

Mimi husahau mambo mengi. Husahau tarehe, husahau majina ya watoto wa majirani, na mara mbili nimeacha jiko la gesi likiwaka nikaenda kanisani. Lakini mtu akinikosea, hilo silisahau. Tabia hii niliirithi kwa mama yangu, ambaye alikufa akiwa hasemezani na dada yake kwa sababu ya shuka moja. Kwa hivyo anayesoma haya asitarajie nitafika mwisho nikitangaza kwamba nilisamehe.

Jambo lenyewe ni gego. La chini, upande wa kulia, la pili kutoka mwisho.

Nilizaliwa Nakuru, katika nyumba za reli. Baba yangu alitoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi hapa, na sisi watoto wake tulikunywa maji ya visima vya hapa tangu siku ya kwanza. Maji hayo hupaka meno rangi ya hudhurungi ambayo hakuna mswaki utakaoitoa. Ukienda mji wa mbali ukacheka, mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Nakuru?" Tulijifunza kucheka huku tumefunga mdomo. Lakini meno yetu ni magumu, na mimi nilifika umri wa miaka arobaini na saba bila kung'olewa hata moja. Nilijivunia hilo kuliko nilivyojivunia nywele zangu.

Tena meno yangu yalikuwa na kazi. Nina hoteli ndogo Salgaa, pale malori yanaposimama, chumba cha mabati chenye meza sita na sufuria nne. Kipimo changu cha nyama ni jino. Sitazami saa wala sidungi kwa uma. Natoa kipande sufuriani, nakitafuna upande wa kulia, na hapo najua kama dereva aliyekuwa njiani tangu Mombasa atakila bila kunung'unika. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne.

Gego lilipoanza kuuma, lilianza na chai. Nikinywa moto, linadunda. Nikinywa maji baridi, linadunda. Madereva waliponiona nimeshika shavu kila mmoja akawa daktari. Mmoja alisema karafuu, mwingine tumbaku, na wa tatu, ambaye hana meno ya mbele na bado watu wanampa gari la mafuta aendeshe, akaniambia niweke tone la maji ya betri. Nilijaribu karafuu. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa siwezi kulala ubavu wa kulia.

Sasa, sisi watu wa magharibi tunaoishi Section 58 na mitaa ya karibu tuna chama chetu cha watu wa nyumbani. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, tunaomba, tunakula, tunapanga nani amefiwa na nani ana harusi. Kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: mmoja wetu akifungua duka, sisi ndio wateja wake. Akiwa fundi wa nguo, anatushonea. Na mwenyekiti wetu alikuwa daktari wa meno. Vinywa vyetu vyote vilikuwa mali yake, na kumpelekea mwingine kinywa chako ilikuwa kumwaibisha mtu wetu mbele ya mji.

Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye sauti ya chini na suti ya kijivu, na kliniki yake ilikuwa ghorofa ya pili katikati ya mji. Vyeti vilijaa ukutani. Alinipiga eksirei, akaitazama, akaniambia jino limeoza ndani lakini halihitaji kutoka.

"Tutafanya root canal, mama," alisema. "Naua mshipa, nasafisha mizizi, naziba. Utakufa nalo."

Tulifanya mara mbili, wiki moja katikati. Mara ya pili, alipokuwa anasokota visindano vyake vyembamba ndani ya mzizi, nilisikia mlio mdogo. Tik. Sikuusikia kwa sikio, niliusikia kwa mfupa wa taya. Mkono wake ukasimama. Macho yake yalikuwa karibu na yangu, na nikayaona yakihama, yakaenda dirishani, yakarudi. Akanipiga eksirei nyingine, akaitazama muda mrefu kuliko ile ya kwanza, kisha akaziba jino.

"Imekubali," akasema.

Nilimshukuru. Nikikumbuka jinsi nilivyomshukuru, na ganzi imenipindisha mdomo, damu inanichemka hadi leo.

Maumivu yalipumzika siku kumi, kisha yakarudi na nguo zao za kazi. Sasa hayakuwa ya chai. Yalikuwa ya kuuma tu, mchana kutwa, na nikiuma kitu taya lote linawaka moto. Nilirudi kwake. Akagonga jino kwa kijiti cha chuma, nikaruka kwenye kiti. Akatabasamu.

"Mama, mshipa nimeshaua. Jino lililokufa haliwezi kuuma. Hiyo ni kumbukumbu ya maumivu. Mwili unakumbuka."

Nilirudi mara ya pili, akanipa vidonge. Mara ya tatu alisubiri niondoke, akampigia mume wangu simu.

Mume wangu ni fundi wa mashine katika kiwanda, mtu mpole, mwaminifu, mwenye kasoro moja: mtu mwenye cheti ukutani akisema jambo, kwake limekwisha. Alifika nyumbani jioni ile akaketi bila kuvua viatu.

"Mwenyekiti amenipigia," alisema. "Anasema jino liko sawa kabisa. Anasema labda ni mawazo."

"Mawazo gani?"

"Anasema wanawake wakifika umri fulani mwili huwa unasumbua. Nisikugombeze."

"Kwa hivyo mimi naongopa?"

"Sijasema unaongopa. Amesema jino limekufa, mama watoto. Sasa jino lililokufa litauma namna gani?"

Nilimtazama mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita, aliyeniona nikizaa, anayejua kwamba silii hovyo. Alikuwa amepima neno langu na neno la yule mwingine, na langu likawa jepesi. Hilo liliniuma kuliko gego.

Huko Salgaa mambo yaliharibika kimyakimya. Nilikuwa siwezi kutafuna, kwa hivyo nilikuwa siwezi kujua nyama imeiva au la. Nilijaribu kubonyeza kwa kidole, nikajaribu kumwambia mpishi mwenzangu anionjee, lakini yeye kila kitu kwake kimeiva. Dereva mmoja wa miaka mingi, mtu wa Malaba, alisukuma sahani akaniambia kwa upole, "Mathe, nyama yako siku hizi ni ya kupigana nayo." Wiki iliyofuata nilimwona amevuka barabara, ameketi kwa jirani.

Lakini kilichonifanya niape ni maombi.

Ilikuwa Jumapili ya chama, kwa mzee mmoja aliyestaafu reli, mkubwa wetu kwa umri. Mwenyekiti alisimama akauliza nani ana hitaji la kuombewa. Watu wakataja viza za watoto wao, kesi za mashamba, magoti. Kisha yeye mwenyewe, kwa ile sauti yake ya chini, akasema tumkumbuke mama yetu wa Salgaa, kwa sababu anapitia wakati mgumu wa mawazo, na mwili umekuwa ukimdanganya.

Nikaitwa katikati. Wanawake sita wakaniwekea mikono. Mmoja, mwenye mkono mzito kama mchi, alinishika taya la kulia akalibana huku akikemea roho ya uchungu. Machozi yalinitoka yenyewe. Nililia kama mtoto aliyeungua, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kupaza sauti, wakisema ameguswa, ameguswa. Mume wangu alikuwa amefumba macho, anaitikia amina. Nilifumbua jicho moja, nikamwona mwenyekiti akiniangalia. Hakuwa amefumba. Aliangalia taya langu pale lilipobanwa, kisha akainamisha kichwa haraka. Nikakumbuka ule mlio. Tik.

Yule mtu alijua. Sikujua alijua nini, lakini nilijua alijua.

Nikaapa palepale, nikiwa na mikono kumi na miwili ya wale wanawake sita kichwani, kwamba huyu mwanamume atakiona cha mtema kuni.

Sikuweza kwenda kwa daktari mwingine Nakuru mjini. Kabla sijashuka ngazi mtu wa nyumbani angekuwa ameshapiga simu. Aliyeniokoa ni dereva wa lori la mbao anayepitia kwangu kila Jumanne akitoka Elburgon. Aliniona nimefunga leso shavuni, akasema, "Mathe, kuja Elburgon. Kuna daktari msichana hapo, juu ya duka la agrovet. Alitoa yangu mbili, sikusikia hata kidogo. Huyo haongei mob, anafanya kazi."

Nikamwambia mume wangu naenda kutafuta kuni za bei nzuri. Elburgon kulikuwa na baridi yake ile ya msituni na harufu ya vumbi la mbao, na misumeno ya viwanda ilikuwa inalia kiasi kwamba ukiwa kwenye kiti cha daktari wa meno unaisikia na unaanza kujiuliza. Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, amevaa sweta chini ya koti jeupe. Hakuniuliza habari za mawazo. Alinipiga eksirei, akageuza kompyuta ili nami nione.

"Unaona hii nyeupe hapa, kwa ncha ya mzizi?" alisema. "Hiyo ni chuma. Kisindano cha kusafishia kilivunjikia ndani. Na hii nyeusi imezunguka ni usaha. Hapo chini hakujasafishwa, hakungefikika."

"Kwa hivyo si mawazo."

Akanitazama. "Nani alikuambia ni mawazo?"

Nilikuwa nalia tena, na safari hii hakuna aliyesema nimeguswa. Alinipa karatasi ya kufuta uso akasubiri.

Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayejua kwamba mwenzake hajasomea haya. Kuvunjika kwa kisindano si ajabu, hutokea hata kwa walio hodari. Kosa ni kunyamaza. Na jino langu halikuwa limefika mwisho. Lilikuwa bado imara, mifupa yake mizuri. Kuna mtaalamu Nairobi anayefungua jino kama hilo upya kwa darubini, anakizunguka kile kipande au kukitoa, anasafisha, anaziba. Angeniandikia barua siku hiyohiyo.

"Ningekuwa wewe ningeliokoa," alisema. "Jino ya Nakuru hii. Itaishi kuliko wewe."

"Ling'oe," nikasema.

"Mama, nenda chini unywe chai. Fikiria. Saa moja, halafu urudi."

Nilikwenda chini. Nikaagiza chai, nikaiacha ipoe. Kutoka pale nilipoketi niliona malori yakiingia na magogo, na wanaume wakiyasukuma kwa vyuma virefu. Nilifikiri kweli, kama alivyoniambia. Sitaki mtu aseme sikufikiri.

Nilijiona nimetibiwa Nairobi. Jino limepona, natafuna, maumivu yamekwisha. Halafu je? Watu wa nyumbani wangesema maombi yamejibiwa. Mwenyekiti angesema, si niliwaambia yatapita? Ningewaonyesha ile picha ya eksirei. Mwenyekiti angeichukua, angeiinua kwenye mwanga kwa vidole vyake viwili, angewaambia kwamba hii nyeupe ni dawa ya kuzibia, na nani angembishia? Picha ni lugha yake. Mume wangu angeitazama kama anavyotazama gazeti la Kichina, kisha angemtazama mwenye cheti.

Lakini chuma. Mume wangu anaijua chuma. Miaka thelathini kazi yake ni kutoa vipande vilivyovunjikia ndani ya mashine na kusema vimevunjika kwa nini. Ukimwekea chuma mkononi hakuna daktari atakayemfasiria. Na hiyo chuma ilikuwa ndani ya jino langu, na njia ya kuifikisha mkononi mwake ilikuwa moja.

Nilipanda ngazi kabla ya saa kuisha.

"Umeamua?"

"Ling'oe. Halafu unipe niende nalo."

"Unaamua na hasira, mama."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hasira ndiyo niliyobaki nayo."

Alinipa fomu. Ilisema kwamba nimeelezwa jino linaweza kuokolewa na nimekataa. Nikatia sahihi vizuri, kama mtu anayepokea mzigo wake.

Ganzi ilikaa. Alilishika kwa koleo, akalitikisa kushoto, kulia, kushoto tena, na huko nje msumeno ukawa unapasua gogo. Hakukuwa na maumivu, ila kusukumwa tu, na sauti ya kitu kinachoachana na kitu kingine kilichozoeana nacho. Nilidhani nitafurahi. Lilipotoka nilihisi ubaridi ukiingia pale mahali, nikataka kumwambia alirudishe. Hiyo ilikuwa nukta moja tu. Kisha akaliinua kwenye mwanga, jino zima na mizizi yake miwili, hudhurungi juu kama meno yetu yote, na kwenye ncha ya mzizi mmoja kitu kilikuwa kimechungulia, kinang'aa.

"Hiki hapa," alisema.

Nikauma pamba, nikatia chupa yenye jino mkobani, nikarudi nyumbani bila kuni.

Mume wangu alipojua nimeng'oa alikasirika kwa mtindo wake, yaani aliacha kuongea. Siku ya pili ndipo aliposema, "Jino ambalo mwenyekiti alisema ni zima?" Ningeweza kumwonyesha ile chupa saa hiyo. Ilikuwa jikoni, nyuma ya kopo la majani ya chai, mkono mmoja kutoka alipoketi. Sikumwonyesha. Yeye naye alikuwa amechagua neno la mtu mwingine, na nilitaka awe mezani pamoja na wote siku ambayo ningelijibu. Zamu yangu ya kupokea chama ilikuwa baada ya wiki tano. Wiki tano ni kiasi kizuri, hata fizi hufunga.

Lazima nieleze habari ya firigisi. Kwetu magharibi, kuku akichinjwa kwa ajili ya wageni, firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote waliopo. Hilo halijadiliwi. Mwanamke anaiosha, anaipika, anaipeleka, na meno yake hayaigusi. Nyanya yangu alinisimulia mwanamke wa kwao aliyerudishwa kwa baba yake kwa sababu firigisi ilipotea sufuriani. Hata ilipojulikana kwamba ni paka aliyeiba, zilipita wiki mbili kabla hawajamfuata. Sisi wa mjini tunacheka hadithi hizo, lakini kwenye chama chetu hakuna mwanamke aliyewahi kupeleka kuku mezani bila ile bakuli ndogo iliyofunikwa, na siku zote bakuli ilisimama mbele ya mwenyekiti.

Nilichinja kuku watatu wa kienyeji, majogoo wazee. Niliwapika tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane nilitoa kipande sufuriani nikakitafuna, upande wa kushoto, polepole kama mgeni. Kilikuwa kigumu kidogo. Nikakirudishia moto nusu saa.

Walikuja watu ishirini na wawili. Tuliomba, Mungu akashukuriwa kwa kuwa nimepata nafuu. Nilimnawisha kila mtu mikono. Nilipofika kwa mwenyekiti nilimmiminia maji ya uvuguvugu taratibu, nikiangalia vidole vyake safi, vile vilivyosimama ghafla mdomoni mwangu. Akasema asante mama, Mungu akuzidishie. Nikasema amina.

Nikaweka ugali, nikaweka kuku, nikaweka mboga. Mwishowe nikaleta ile bakuli ndogo, nikaiweka mbele yake, nikasimama hapo hapo.

Akafunua.

Ilikuwa kavu, safi, na gego langu lilikuwa katikati yake.

Walioketi karibu waliacha kumega ugali. Yule mzee mstaafu wa reli, ambaye macho yake ni mabaya, aliinamia bakuli akauliza, "Firigisi iko wapi?"

"Iko kwangu, mzee," nikasema. Nikafunua sahani yangu iliyokuwa kwenye kabati, nikachukua firigisi kubwa kati ya zile tatu kwa vidole, nikaitia mdomoni.

Firigisi ya jogoo mzee ina mlio wake. Kila mtu aliusikia. Niliitafuna upande wa kushoto, kisha nikaihamishia kulia, penye pengo, nikaitafuna huko pia kwa fizi na meno ya jirani, kwa sababu nilitaka aone. Mwanamke mmoja akaweka mkono kinywani. Mume wangu alikuwa amesimama nusu, hajui kama aje kunishika au akae.

"Mama watoto, ni nini hii?"

"Wewe ni fundi," nikamwambia. "Angalia ncha ya mzizi."

Alitoa miwani mfukoni. Akalichukua lile jino, akaliwashia tochi ya simu, akaligeuza. Alikaa nalo muda mrefu, na uso wake ukabadilika ukawa ule uso anaorudi nao kutoka kazini akikuta mtu ameharibu mashine akajificha.

"Hii ni chuma," akasema. "Imekatika ikizungushwa. Angalia, imeacha mkia." Akamgeukia mwenyekiti. "Ni ya kwako?"

"Vifaa huvunjika," mwenyekiti akasema. "Hata kwa mahospitali kubwa. Si kosa la daktari."

"Sijauliza kama ni kosa. Ulijua?"

Mwenyekiti aliangalia ugali wake.

"Nakuuliza, ulijua? Wakati ulinipigia simu uniambie ni mawazo, ulikuwa umeshaiona?"

"Niliiona," akasema.

Sijawahi kula kitu kitamu kama ile firigisi. Nasema wazi. Wale wanawake sita walikuwa hawajui waweke wapi mikono yao. Yule wa mkono mzito alianza kulia. Mume wangu alinitazama, na nikaona amenirudia mzima, miaka ishirini na sita yote, na aibu juu yake.

Lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. Aliinua kichwa, na safari hii sauti yake haikuwa ya chini.

"Sawa, nilikosea kunyamaza," alisema. "Lakini hili jino ni zima. Mtu yeyote aliyesoma akiliona atasema hivyo. Lingefunguliwa upya, lingeokolewa. Hakukuwa na haja ya kulitoa. Nani alikuambia litoke?"

Macho yote yakanigeukia. Mume wangu alikuwa bado amelishika jino, kwa uangalifu, kama yai.

Nilimeza firigisi.

"Daktari aliniambia haliokoki," nikasema. "Alisema umeliharibu kabisa."

Hakuna aliyekula. Mwenyekiti alinawa mikono ambayo haikuwa imeshika chakula, akachukua koti lake, akatoka. Mwezi uliofuata tulichagua mwenyekiti mwingine. Watu wa nyumbani waliondoa vinywa vyao kwa yule wa zamani mmoja mmoja, na kabla ya mwaka kwisha ile kliniki ilikuwa na kibao cha mtu anayerekebisha simu. Nilisikia alihamia mji mwingine na familia yake. Sikuuliza mji gani. Ana watoto wawili, wa shule ya msingi, na mkewe alikuwa ananisalimia vizuri.

Dereva wa Malaba amerudi kwenye meza yake. Nyama yangu imekuwa nyama tena, ingawa naipima kushoto. Na mume wangu, tangu siku ile, nikisema naumwa na kichwa anainuka kutafuta viatu. Wakati mwingine tukiwa tunakula ananiona nikihamisha kipande kutoka upande mmoja kwenda mwingine, anaacha kijiko, ananigusa shavu.

"Yule mtu alikupotezea jino," anasema.

"Ndiyo," nasema.

Juma lililopita gego lake yeye lilianza kumsumbua. Anataka nimpeleke Elburgon, kwa yule daktari aliyenisaidia, ili pia amshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Amenikumbusha mara tatu. Nimemwambia Elburgon ni mbali, na baridi ya kule itamzidishia. Nimemwambia ameze dawa kwanza asubiri, labda halina kitu.